Doa Lililomshinda Dobi

Kesarbai aliambiwa acheke kabla mtu yeyote hajasema jambo la kuchekesha.

Ilikuwa saa nne asubuhi mjini Mumbai, ndani ya jengo kubwa lisilo na dirisha hata moja, na jukwaa lilikuwa tupu. Viti vya nyuma vilikuwa vimejaa watu walioletwa kwa mabasi mawili, kila mmoja na mfuko wa karatasi mapajani. Hao walikuwa vibarua wa kucheka. Ujira wao rupia mia nne kwa siku, na mkate wenye kiazi cha kukaanga ndani. Binti mmoja aliyevaa vidude vya kusikilizia masikioni, jina lake Charvi, alikuwa akipita mbele yao kama mwalimu wa zamu.

"Sasa makofi. Vizuri. Sasa kicheko kidogo. Sasa kicheko kikubwa. Mzee wa shati la bluu, unacheka kama unang'olewa jino, rudia."

Kesarbai alikuwa kiti cha mbele kabisa, ndani ya sari ya hariri ya zambarau waliyomwazima. Ilikuwa imeshikwa na pini tatu begani, na karatasi ya bei ilikuwa haijaondolewa, inamkwaruza kiunoni kila akipumua. Alikuwa ametoka Jabalpur kwa treni kwa sababu mwanawe Girdhari, ambaye nchi nzima humwita Giri, ndiye mwenye kipindi cha vichekesho cha Jumamosi, na wiki hiyo wageni walikuwa wazazi.

"Bibi, cheka," Charvi alimwambia.

"Nicheke nini, binti? Giri mwenyewe sijamwona."

"Bado anapakwa poda. Tunachukua nyuso za wageni kwanza, vichekesho vitafuata. Ndiyo kazi yetu, kila wiki."

"Nikicheka peke yangu mbele ya jukwaa tupu si mtasema nimerukwa na akili?"

Vibarua wa nyuma wakacheka, safari hii bila kuambiwa. Charvi naye akatabasamu, akachuchumaa karibu na goti lake. "Kumbuka kitu cha nyumbani. Kila mtu ana kitu kimoja nyumbani kinachomchekesha."

Kesarbai akamkumbuka binti yake Sevanti alipokuwa na miaka minne. Kesarbai ni dobi wa pasi. Meza yake ipo kando ya njia, imeegemea ukuta wa posta, imetandikwa blanketi kuukuu na shuka juu yake, na pasi yake ni ya shaba, ya mkaa, nzito kama mtoto wa mwaka. Siku hiyo alirudi kutoka bombani akamkuta Sevanti amepanda juu ya matofali mawili. Mtoto ametandaza chapati juu ya meza, amejaza maji mdomoni anainyunyizia pfuu, pfuu, na anaipiga pasi kwa kopo la shaba, ulimi nje kwa bidii. Alipomaliza akaikunja mara nne, pembe kwa pembe, akamkabidhi polisi aliyekuja kufuata sare yake. "Tayari, bwana. Usiikalie, itajikunja."

Basi Kesarbai akacheka. Akacheka mpaka kifua kikauma, akajifuta machozi kwa ncha ya ile sari ya kuazima, akainua mkono kumwomba yule mtoto asiyekuwepo amhurumie. Kamera mbili zilikuwa juu yake.

"Dhahabu," alisema Charvi. "Dhahabu tupu, bibi. Umemaliza."

Miguu yake ilikuwa imevimba kwa safari, kwa hiyo kabla ya saa sita walimvua sari yao, wakamlisha wali na dengu, wakampeleka kupumzika. Giri alikuja mbio kumgusa miguu kwa heshima, poda bado kwenye kola. Jioni ile ile Kesarbai alikuwa ndani ya treni. Hakusikia hata neno moja la kile kipindi.

*

Jumamosi iliyofuata chumba chake kilijaa majirani. Wengine walikaa kitandani, wengine sakafuni, watoto dirishani, na Bhagwanti muuza bangili alijipatia kiti pekee chenye mgongo. Sevanti alikuwa akipitisha chai. Alikuwa na miaka ishirini na saba sasa, mwalimu wa chekechea, na mbalanga ilikuwa imemwanza akiwa na miaka kumi na mmoja: mabaka meupe kuzunguka macho na mdomo, na mikono yote mpaka viwiko. Alikuwa amechumbiwa na Omkar, karani wa tiketi katika stesheni ya Katni. Harusi ilikuwa baada ya sikukuu ya Diwali. Huko Katni nako walikuwa mbele ya televisheni, na Omkar alikuwa amempigia simu saa hiyo hiyo kumwambia wamekusanyika ukoo mzima.

Giri akatokea, koti la kumetameta, viganja vimeunganishwa kusalimia. Akaanza na mkewe, akaenda kwa mjomba. Watu chumbani wakacheka, maana mjomba walimjua.

"Mimi nina mdogo wangu wa kike," Giri akasema kwenye televisheni. "Nyumbani kwetu hatukuwahi kununua ramani. Mwalimu akiniuliza jimbo la Rajasthan liko wapi, namvuta mdogo wangu mkono, namwonyesha: hili hapa, kwenye kiwiko, na jangwa lake."

Chumbani alicheka mtoto mmoja tu wa dirishani, akapigwa kofi.

"Na mama yangu ni dobi, mnamwona pale, dobi wa miaka arobaini. Amewahi kutoa doa la manjano, la mafuta, la wino, la damu. Ni doa moja tu lililomshinda duniani, na hilo linakula wali nyumbani kwake mpaka leo."

Hapo picha ikageuka. Kesarbai mwenyewe, kwenye hariri ya zambarau, amejaa skrini nzima, anacheka. Kifua kinamtikisika. Anafuta machozi. Anainua mkono kama anayesema inatosha mwanangu, utaniua. Wakaionyesha mara ya pili, taratibu.

Bhagwanti akaweka kikombe chini. "Amma nawe," alimwambia Kesarbai kwa sauti ndogo, akimwita mama kama majirani wote. "Si ungejizuia walau kwa ajili ya watu."

Majirani wakakumbuka vyungu vyao jikoni, wakatoka mmoja mmoja. Sevanti aliosha vikombe vyote kumi na vinne, akavipangusa, akavipanga. Ndipo akauliza, bila kugeuka.

"Ulikuwa unacheka nini, Amma?"

Kesarbai maisha yake yote hakuwa na ujuzi wa kusema uongo. "Nilikuwa nakukumbuka wewe," alisema.

"Hilo nimeliona."

"Sivyo hivyo. Ile chapati, mwanangu, ulipokuwa mdogo. Waliniambia nicheke, jukwaa lilikuwa tupu, Giri hata hakuwepo..."

"Amma, nimekuona. Katni wamekuona. Umefuta mpaka machozi." Akafunga bomba vizuri, kwa sababu lina tabia ya kuvuja. "Usiniongezee na hadithi."

Tangu siku ile akawa anatoka kabla ya chai ya asubuhi, na akirudi anakula amegeukia ukuta. Jumatatu, kwenye geti la shule, kaka wa mtoto mmoja alimwuliza kama anaweza kumwonyesha Rajasthan. Sevanti hakumwambia mama yake. Kesarbai aliambiwa na mteja, katikati ya kuhesabu mashati.

*

Siku ya Jumatano, Ramkali, mama yake Omkar, alishuka treni ya saa tano akaja moja kwa moja mpaka mezani kwenye ukuta wa posta. Chini ya kwapa alikuwa na furushi la kitambaa chekundu. Kesarbai alilijua. Ilikuwa nazi ya uchumba, ile aliyoikabidhi yeye mwenyewe kwa mikono miwili.

"Karibu, mkwe. Njoo ndani, unywe maji."

"Nitasimama hapa hapa. Nikikaa nitalia, na sikuja kulia." Ramkali aliiweka nazi kwenye kona ya meza, mbali na pasi. "Unielewe vizuri. Sikuja kwa sababu ya ngozi. Ngozi niliiona siku ya kwanza, mchana, juani. Mimi mwenyewe nilimwomba avue bangili nione. Nikasema sawa. Mwanangu akasema sawa kuliko mimi."

"Najua, mkwe."

"Sasa Jumapili, tunakula, mke wa mwanangu mkubwa akataja ramani. Nikamkemea. Akanitazama, akaniuliza: mama, aliyemzaa amecheka mpaka machozi, mimi nikitabasamu tu kosa langu liko wapi? Nikatafuta jibu, nikalikosa. Ndiyo nimekuja. Nipe jibu."

"Sikucheka hayo. Walinichukua asubuhi, peke yangu, wakabandika baadaye. Naapa kwa maji ya mto Narmada."

Ramkali alimtazama kwa muda mrefu, jinsi mtu anavyotazama kitambaa kabla ya kununua. "Labda mimi nakuamini," alisema. "Lakini nina nyumba yenye watu arobaini, na wote wana macho. Mwenye kipindi ni mwanao. Aseme yeye, kwa mdomo wake, kwamba mama yangu hakucheka hilo. Neno moja. Bila hilo, binti yako ataingia kwangu kama mtu asiye na kwao, na watamchezea. Sitaki kumleta achezewe." Akaisukuma nazi kwa kidole. "Mpaka hapo, hii ikae kwako."

Sevanti alikuwa mlangoni. Alikuwa amesikia yote. Akaja akaichukua nazi, akaiweka ndani juu ya kabati, kama mtu anayeweka kitu cha dukani.

*

Simu ya Giri iliita mara sita ndipo akapokea.

"Amma, ninyi hamjui hii kazi. Kichekesho ni kichekesho."

"Nani alikiandika?"

"Kuna chumba, Amma, kuna waandishi watano wamekaa, kila wiki wanataka kipya. Nimeshawapa baba na ulevi wake. Nimewapa mjomba. Nimewapa mke wangu, akanuna miezi miwili. Nilibaki na nini?"

"Ulibaki na mdogo wako, ukamuuza."

"Nyumba hiyo imeezekwa kwa pesa ya nini? Na hiyo televisheni?"

"Sikukuuliza bati. Nakuuliza kicheko changu. Kicheko kile kilikuwa changu, Giri, mmekichukua mmekitia mahali. Sema tu mama hakucheka hayo."

Giri akashusha pumzi. "Kwenye mkataba imeandikwa. Tusiseme tunavyotengeneza kipindi. Nikisema vicheko vinabandikwa, Jumamosi ijayo atasimama mtu mwingine pale, na yupo, anasubiri, kijana wa Indore, ana njaa kuliko mimi." Kisha akalainisha sauti. "Nakuja huko baada ya wiki mbili, wafanyabiashara wananivisha shali ya heshima. Nitamletea Sevanti sari nzuri."

"Ya kufunika uso?"

"Amma, naitwa."

Hakuna mtu aliyemwita. Kesarbai alisikia ukimya wa chumba upande ule kabla simu haijakatwa.

*

Siku ya shali, Kesarbai alimwomba Sevanti waende pamoja. Sevanti alikuwa anashona kifungo.

"Nenda, Amma," alisema. "Ukacheke."

Ukumbi ulikuwa umejaa mpaka ngazini. Mwenyekiti wa wafanyabiashara, Seth Jugalkishor mwenye duka la dhahabu, alikuwa amevaa kurta, kanzu fupi nyeupe isiyo na mkunjo hata mmoja. Kesarbai aliijua mishono yake yote. Aliipiga pasi Jumanne. Kwa miaka ishirini alikuwa akipeleka nguo za nyumba ile kwenye mlango wa nyuma, na mke wa Seth huzipokea kwa kumwonyesha pa kuziweka, ili mikono yao isikutane, maana dobi ni mtu wa tabaka la chini. Leo walimketisha kwenye kiti cha plastiki karibu na pipa la maji. Mpiga picha alipouliza mama yuko wapi, ndipo watu wawili wakaja kumwinua kwa heshima nyingi na kumpandisha jukwaani.

Giri alivishwa shali, akapewa nazi, akavishwa shada la maua mpaka masikio yakapotea. Seth akachukua kipaza sauti. "Na huyu ndiye mama yake, mnyonge wa Mungu, mwanamke wa pasi. Mmeona anavyocheka kwenye televisheni. Mama, tupe maneno mawili."

Giri akainama sikioni kwake. "Unganisha viganja, sema asante, shuka."

Kesarbai hakuwahi kushika kipaza sauti. Alikishika kama anavyoshika mpini wa pasi, kwa vidole vyote.

"Mimi ni Kesarbai wa ukuta wa posta," alisema. "Wengi wenu mmevaa kazi yangu hapa. Nataka niwaambie nilichokicheka."

Akawaambia. Aliwaambia taratibu, bila kuacha kitu, matofali mawili, kopo la shaba, pfuu, pfuu, ulimi nje, polisi mwenyewe na masharubu yake. Alipofika kwenye usiikalie itajikunja, ukumbi mzima ulicheka. Hata Seth alicheka. Giri naye alicheka, kwa sababu alikuwepo siku ile, alikuwa na miaka minane, na yeye ndiye aliyeila ile chapati.

"Basi mmecheka," alisema Kesarbai. "Nami nilicheka hayo hayo. Nilikaa mbele ya jukwaa tupu asubuhi, binti akaniambia nicheke, nikamkumbuka mtoto wangu, nikacheka kwa kumpenda. Kisha wamekata kicheko changu, wamekishonea kwenye matusi aliyotukanwa mtoto huyo huyo. Na aliyemtukana ni huyu mliyemvisha shali."

Giri akanyoosha mkono kuchukua kipaza sauti. Kesarbai akakigeuza upande wa pili.

"Wewe ulimaliza yako mbele ya nchi nzima. Niache nimalize yangu mbele ya mtaa." Akawatazama watu. "Mbalanga si doa. Doa ni kitu kinachoingia kwa uchafu. Nimefua na kunyoosha nguo za mji huu miaka arobaini, ninazijua nyumba zenu kwa shuka zenu, sijawahi kusema neno. Leo nasema moja tu. Mama yake Sevanti hakucheka."

Akarudisha kipaza sauti kwa Seth, mkononi mwake kabisa, vidole vikagusana. Akateremka ngazi mwenyewe.

*

Simu thelathini zilikuwa zimerekodi. Kufikia jioni Bhagwanti alikuwa anaionyesha video kwa kila mnunuzi wa bangili, na kufikia asubuhi ilikuwa imefika Katni. Ramkali akapiga simu. Kesarbai alitaka kupokea, lakini Sevanti akaichukua.

"Ndiyo, mama. Shikamoo. Ndiyo, nimeiona." Akasikiliza kwa muda. "Nazi iko kabatini, siku mkitaka mje. Lakini, mama, naomba kwanza umwambie mke wa kaka yake Omkar: siku nitakayoingia hapo, akitabasamu, nitamwuliza mbele ya watu anatabasamu nini. Na nitasubiri jibu." Akasikiliza tena, akaaga vizuri, akakata.

Kisha akaja kusimama kando ya meza, mahali palipokuwa na yale matofali zamani.

"Kweli nilimwambia usiikalie?"

"Ulimwambia. Na ukamwonyesha kidole."

Sevanti akatikisa kichwa. Akachukua chupa ya maji akaanza kunyunyizia mashati yaliyobaki. Siku hiyo walikula wakiwa wamekaa pamoja.

Giri alikuja kesho yake asubuhi, kabla ya ndege. Kesarbai alimwona kuanzia mbali, akajiandaa kwa ugomvi. Akasema moyoni, akilia nitamsikiliza, maana nimemvunjia riziki. Lakini Giri alikuwa anatabasamu.

"Amma, usiku nilijua nimekwisha. Asubuhi mkubwa wa kituo amenipigia mwenyewe. Unajua watu wangapi wameitazama? Anasema wewe ni dhahabu. Wanawataka wewe na Sevanti, Jumamosi ijayo."

"Wanatutaka wa nini?"

"Mje mnigombeze jukwaani. Wewe unanipiga na kandambili, mimi nalia, Sevanti ananisamehe, tunakumbatiana. Watasema ile ya ukumbini tuliipanga wote, ni sehemu ya kipindi. Mkataba hauguswi. Kila mtu anapona." Akamgeukia dada yake. "Na wewe utalipwa, Sevanti. Vizuri."

"Watachukua nyuso lini?" Sevanti aliuliza.

"Asubuhi, kama kawaida."

Giri hakutambua kwamba amekiri. Alikuwa tayari amefungua mfuko, ametoa lile koti la kumetameta, la nyuzi za dhahabu, ameliweka mezani. "Amma, nipigie pasi haraka, limejikunja mgongoni. Nikishuka tu kwenye ndege napigwa picha."

Kesarbai alilitandaza. Alilaza mikono, akafungua kola, akapapasa mgongo mzima kwa kiganja kama anavyofanya kwa kila nguo. Akachukua pasi. Akapuliza mkaa mpaka ukawa mwekundu, akaijaribu kwa tone la maji, tone likaruka. Nguo kama ile hutandikiwa kitambaa chenye unyevu kwanza. Giri alikulia chini ya meza ile na alijua hivyo.

Akaiweka pasi katikati ya mgongo, moja kwa moja, akaiachia.

"Amma."

Kesarbai alikuwa amekunja mikono kifuani. Moshi mwembamba ukatoka pembeni, kisha harufu, ile ambayo katika miaka arobaini haikuwahi kutoka kwenye meza yake.

"Amma, linaungua."

"Naona."

Akahesabu pumzi kumi, kisha akainua. Alama ilikuwa nyeusi, yenye ncha, safi kama iliyochorwa kwa rula, na katikati yake shuka la chini lilionekana. Kesarbai akairudisha pasi kwenye kigae chake. Akalikunja koti mara nne, pembe kwa pembe, akamkabidhi mwanawe kwa mikono miwili.

"Hilo halitoki," alisema. "Mimi ni dobi, ninajua. Sasa cheka, Giri. Ya kuchekesha itakuja baadaye."